UZI: Petroli ya oktani ngapi inafaa gari lako? Karibuni tuelimishane

#1 – Pistoni Nne (mwanzisha uzi)

Wakuu, salamu.

Swali la oktani linarudi humu kila mara kwa sura tofauti. Mmoja kanunua Toyota IST anauliza aweke mafuta gani. Mwingine kaambiwa na muuza spea amimine kichupa cha kuongeza oktani kila akijaza tenki. Majibu huwa mchanganyiko wa ukweli na hadithi za kijiweni, na mwenye gari anaishia kutoa hela. Mimi kazi yangu ni injini za petroli, na nimeshaona pistoni zilizotoboka ambazo zingepona kama mwenyewe angelijua jambo hili dogo. Ndiyo maana nafungua uzi.

Msimamo wangu nautoa mapema ili mwenye kupinga apinge: kwa magari mengi tunayoendesha, oktani ya petroli ya kawaida inatosha na kubaki. Kinachoua injini ni mafuta yaliyochakachuliwa, joto, na wale wachache wenye injini inayotaka oktani ya juu kweli kweli lakini hawajui kama wanayo.

Tuanze na chenyewe. Namba ya oktani inapima ukaidi wa petroli kuwaka yenyewe. Pistoni ikipanda inabana hewa na mafuta mpaka mchanganyiko unakuwa wa moto mkali. Anayetakiwa kuwasha hapo ni plagi peke yake: cheche itoke, moto uanzie pale, usambae kwa mpangilio hadi ukutani mwa silinda. Moto unapotembea unazidi kuyabana na kuyachemsha mafuta ambayo bado haujayafikia. Yakiwa hayana ukaidi wa kutosha, yanalipuka yenyewe kule pembeni kabla moto haujafika. Hapo ndipo unaposikia ule mlio kama kokoto ndani ya kopo, hasa ukikanyaga mafuta mlimani ukiwa kwenye gia kubwa na mzunguko mdogo.

Mlipuko huo ukitokea mara moja moja haudhuru. Ukiendelea unakula kingo za pistoni, unavunja sehemu zinazoshika ringi, unachoma gasketi ya hedi. Na huanza kimya kimya, kwa sababu ukiwa ndani na vioo umefunga, redio inaongea, husikii kitu.

Maabara wanapima hivi: wana vimiminika viwili, isooktani iliyopewa 100 na heptani iliyopewa 0. Petroli ikihimili kubanwa sawa na mchanganyiko wa isooktani asilimia 95 na heptani asilimia 5, hiyo ni 95. Kazi inafanyika kwenye injini maalumu ya silinda moja ambayo kompresheni yake (kiasi inavyoubana mchanganyiko) inabadilishwa ikiwa inazunguka. Kuna kipimo cha RON, injini ikienda mizunguko 600 kwa dakika, na kipimo cha MON, mizunguko 900 na mchanganyiko ukiwa umepashwa moto zaidi. MON ni mtihani mgumu, hivyo namba yake hutoka ndogo. Kwetu, Ulaya, Japani na Ghuba namba inayotajwa ni RON. Marekani na Kanada wanajumlisha zote mbili na kugawa kwa mbili, na hapo watu wengi huchanganyikiwa.

Sasa nisomeni vizuri hapa. Oktani haipimi nguvu iliyomo kwenye mafuta. Ethanoli ina RON inayozidi 100, lakini lita yake ina nishati karibu theluthi mbili tu ya lita ya petroli. Injini ya oktani ya juu ina nguvu kwa sababu aliyeichora aliibana zaidi au akaifunga tabo (turbo, inayosukuma hewa zaidi ndani), halafu akahitaji mafuta yatakayovumilia. Ukiyatia mafuta hayo kwenye injini isiyobana kiasi hicho, hakuna inachokwenda kuyafanyia.

Kwa hiyo swali sahihi ni: injini yangu inadai ngapi, na ninachouziwa kinafika hapo? Ulizeni.

#2 – Bushi Mpya

Nimeweka kambi hapa. Tiririka mkuu.

#3 – Kijana wa GX

Mkuu heshima yako. Nina GX 110 (Toyota Mark II), na bro wangu ana Altezza. Yeye fundi wake anamwambia Altezza zote zinataka mafuta ya juu, mimi naambiwa GX inakula chochote. Ukweli uko wapi?

#4 – Pistoni Nne

Kijana wa GX, umenipa mfano mzuri kuliko ambao ningeutafuta mwenyewe.

Magari yetu mengi yamezaliwa Japani kwa matumizi ya Japani. Kule kituoni kuna petroli mbili: regular, ambayo kwa kiwango chao haishuki chini ya RON 89, na haioku, ambayo haishuki chini ya 96. Mkono wa pampu ya regular ni mwekundu, wa haioku njano, wa dizeli kijani. Kila gari limechorwa kwa mojawapo.

GX 110 yako ina 1G-FE. Hiyo ni injini ya regular. Altezza ziko mbili: AS200 ina hiyo hiyo 1G-FE ya kwako, kwa hiyo regular inaitosha. RS200 ina 3S-GE yenye kompresheni ya 11.5 kwa 1, na hiyo inataka haioku. Bodi moja, jina moja, madai mawili. Bro wako afungue boneti asome injini, aachane na jina lililobandikwa nyuma.

Mark X nayo hivyo hivyo. GRX120 ya lita 2.5 yenye 4GR-FSE inataka premium. Ilipokuja GRX130, Toyota waliichukua 4GR-FSE hiyo hiyo wakaipanga upya ili itumie regular, na nguvu ikashuka kutoka farasi 215 hadi 203. Hizo farasi 12 ndizo bei waliyolipa ili mteja aweke mafuta ya bei nafuu. Kwa maoni yangu walifanya la maana, na ukiniuliza ununue ipi kwa Tanzania, chukua 130.

IST, Vitz, Passo, Allion na Premio ya 1.5, Corolla za 1NZ: zote regular. Kompresheni ya 1NZ-FE ni 10.5 kwa 1 na bado inaridhika na 90.

Usipokumbuka haya yote, fungua mlango wa tenki au kitabu cha gari. Ukiona レギュラー, hiyo ni regular. Ukiona プレミアム au ハイオク, hiyo ni ya juu. Piga picha, linganisha herufi. Huhitaji kujua Kijapani.

Kwetu petroli inayoshushwa bandarini inaitwa kwenye hati Motor Spirit Premium, na iko juu ya regular ya Wajapani. Ndiyo maana nasema wenye IST walale usingizi.

#5 – Umm Said

Assalaam alaykum. Mie niko Muscat, huku vituoni ziko M91 na M95. Mume wangu anatia 95 kwenye Corolla yetu, asema ndiyo itadumu. Tofauti ya bei ndogo kwa tenki moja, lakini kwa mwaka ni pesa. Nifanyeje ndugu yangu?

#6 – Pistoni Nne

Waalaykum salaam dada Umm Said.

Wewe uko mahali ambapo uchaguzi upo kweli, tofauti na sisi wengi. M91 maana yake RON 91. Corolla za kawaida zisizo na tabo zinazouzwa Ghuba kwa kawaida zimeandikwa 91 au zaidi. Kitabu kikisema hivyo, tieni M91 bila wasiwasi.

Ila kuna jambo moja la kwenu ambalo mume wako ana haki nalo kidogo. Joto. Hewa ya digrii 45 ikiingia kwenye injini, mchanganyiko unaanza safari ukiwa tayari umechemka, na kila kinachouchemsha kinauleta karibu na kulipuka wenyewe. Mwezi wa sita na wa saba, mkipanda mlima mrefu familia nzima ndani na AC imewashwa, mkisikia mlio wa kokoto, tieni M95 kwa safari hiyo. Hata kuchanganya kunaruhusiwa: nusu tenki ya 91 na nusu ya 95 inakupa karibu 93. Miezi mingine 91 inatosha. Hicho mnachookoa kiwekeni kwenye kubadilisha oili kwa wakati, hapo ndipo Corolla inapodumu.

#7 – Mbongo Minnesota

Mkuu mimi nimechanganyikiwa. Niko huku Marekani, kila kituo namba ni 87, 89 na 91 au 93. Wewe unasema regular ya Japani ni 90. Ina maana mafuta ya Marekani ni mabovu kuliko ya kwetu?

#8 – Pistoni Nne

Hapana mkuu. Ni rula nyingine. Namba ya Marekani ni wastani wa RON na MON, kwa hiyo hutoka ndogo kwa pointi nne au tano hivi kwa mafuta yale yale. 87 ya huko ni kama RON 91 au 92. 91 ya huko ni kama RON 95 au 96. 93 ni kama 97 au 98.

Inaleta shida pale mtu anapoagiza gari kutoka Marekani, anasoma kifunikoni 91, anadhani RON 91 inatosha. Kumbe gari linadai 95. Wenye BMW na Subaru za tabo zilizotoka huko muwe makini hapo.

Na angalia neno lililoandikwa. Likisema "inapendekezwa", injini inaweza kuishi na ya chini kwa kupoteza nguvu kidogo. Likisema "inatakiwa", usijadiliane nalo.

#9 – Mzee wa Uyole

Mwanangu, mimi niko Mbeya, nina Noah ya abiria. Huku nyumbani gari halina neno. Nikishuka Dar, kurudi napopanda Kitonga linapiga kelele hiyo ya kokoto. Mafundi wamebadilisha plagi, wamesafisha nozeli, bado. Nimeanza kuamini mafuta ya Dar ndiyo mabaya.

#10 – Pistoni Nne

Shikamoo mzee. Hapa kuna mambo mawili, na yote mawili yanawezekana kwa pamoja.

La kwanza ni mwinuko. Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya Dar kwa karibu asilimia 15. Injini isiyo na tabo inavuta hewa kidogo, inabana kidogo, inadai oktani kidogo. Afrika Kusini wanalijua hili kibiashara kabisa: Johannesburg, iliyo juu, wanauza 93 pamoja na 95. Kwa hiyo Noah yako ikiwa na tatizo dogo, milima ya nyumbani inalificha. Ukishuka kwenye hewa nzito ya chini, halafu ukaupanda mlima mkali kama Kitonga na abiria wamejaa, tatizo linatoka hadharani.

Tatizo lenyewe linaweza kuwa masizi juu ya pistoni. Yakijaa yanapunguza nafasi na yanatunza joto, injini inadai oktani zaidi ya ilivyotoka kiwandani. Linaweza kuwa joto: rejeta imeziba, feni haizunguki vizuri. Linaweza kuwa plagi zisizo za injini hiyo, hata kama ni mpya. Na linaweza kuwa sensa ya kugonga imekufa. Hiyo ni sensa iliyofungwa kwenye bloku, inasikia mlio, kompyuta inachelewesha cheche ili mlio ukome. Ikilegea au ikipoteza usikivu, kompyuta haina masikio. Mwambie fundi aanze na hiyo, maana kuipima ni kazi ya muda mfupi.

La pili ndilo ulilolishuku, na mimi silipuuzi. Mafuta ya taa yana oktani ndogo mno, hayafai kabisa kwa injini ya petroli. Yakichanganywa kidogo tu kwenye petroli yanaishusha namba, yanabaki bila kuungua vizuri, yanateremka pembeni mwa pistoni na kuifanya oili iwe maji. Biashara hiyo ilitamba sana kipindi mafuta ya taa yalipokuwa na kodi ndogo. Mwaka 2010 EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati, ilianza kuweka vinasaba (kemikali za kutambulisha mafuta halali) kwenye mafuta, na bajeti ya 2011 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili uchakachuaji usilipe. Kenya nao mwaka 2018 wakaweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa kwa sababu hiyo hiyo. Umepungua sana, lakini anayekuuzia kwenye dumu pembeni mwa barabara hana wa kumkagua.

Kipimo cha haraka, mzee wangu: dondosha tone la petroli kwenye karatasi nyeupe, liache likauke kivulini. Petroli safi inapotea yote. Ikibaki alama ya mafuta mafuta, ondoka hapo. Si kipimo cha maabara, ila kinatosha kukufanya uulize maswali. Na chukua risiti ya EFD kila unapojaza, kwa sababu ukilalamika bila risiti huna pa kuanzia.

Swali moja: mlio huo unakoma ukiachia mafuta? Na gari likiwa limesimama, injini inanguruma tu bila kukanyaga mafuta, upo?

#11 – Mzee wa Uyole

Marahaba. Ukiachia unakoma papo hapo. Likisimama kimya.

#12 – Pistoni Nne

Basi ni wa kuwaka vibaya. Ingekuwa bering za konrodi, mlio ungefuata mzunguko wa injini hata ukiwa umesimama, na ungekuwa mzito zaidi. Usikubali mtu akufungulie injini kwa sasa. Sensa ya kugonga, rejeta, masizi, kwa mpangilio huo. Na Kitonga shuka gia mapema, iache injini izunguke. Kulikanyaga gari kwenye mzunguko mdogo ndiko kunakoliita tatizo.

#13 – Mkali wa Turbo

Napingana na wewe mtoa mada. Mimi natumia kichupa cha oktani mwaka wa pili sasa kwenye Vitz yangu, gari limekuwa jepesi, mafuta limepunguza kula. Hizi za vitabuni tuachane nazo, barabara ndiyo shahidi.

#14 – Pistoni Nne

Karibu mkuu, uzi bila mpinzani haunogi.

Sikatai kwamba umeona tofauti. Vichupa vingi vina dawa ya kusafisha nozeli ndani yake, na gari lililokuwa na nozeli chafu likisafishwa linakuwa jepesi kweli. Hilo ungelipata kwa kusafisha nozeli mara moja, ukamaliza.

Kwenye oktani yenyewe, soma maandishi madogo. Vingi vinaandika vinaongeza "pointi" kadhaa, na kwenye biashara hiyo pointi moja mara nyingi ni sehemu ya kumi ya oktani. Pointi 30 zinakuwa oktani 3, na hiyo ni kwa tenki la ujazo fulani ambalo huenda si lako. Kingine, vingi vinatumia mchanganyiko wa manganizi. Ukizidisha, plagi zinapakwa rangi ya kutu na masega ya egzosi (yale yanayosafisha moshi) yanaziba. Masega ya Vitz unajua bei yake.

Tuache vitabu basi. Jaza kituo kimoja, njia moja, mzigo mmoja, tenki kadhaa bila kichupa, uandike lita na kilomita. Lete namba hapa. Nikishindwa, nitakuwa wa kwanza kusema umeshinda.

#15 – Bushi Mpya

Na wale wanaotia vidonge vya nondo (naftalini, vile vya kuwekea nguo) kwenye tenki? Na kuna jamaa anasema mafuta ya ndege ndiyo kiboko.

#16 – Pistoni Nne

Vidonge vya nondo: usithubutu. Vinayeyuka kwenye petroli kisha vinaganda tena kuwa chembe kwenye njia ya mafuta. Utafungua pampu na nozeli kwa gharama ya tenki nyingi.

Mafuta ya ndege ni aina mbili. Ya ndege kubwa za abiria, Jet A-1, ni ndugu wa mafuta ya taa, kwa hiyo anayekutilia hayo kakuchakachulia mchana kweupe. Ya ndege ndogo za pistoni, 100LL, kweli yana oktani ya juu, lakini yana madini ya risasi. Risasi iligunduliwa kuwa dawa ya kugonga mwaka 1921 na Thomas Midgley wa General Motors, ikauzwa dunia nzima huku ikiingia kwenye damu ya watoto wanaoishi kando ya barabara. Afrika kusini mwa Sahara tulikubaliana Dakar mwaka 2001 kuiondoa, na kufikia Januari 2006 ikawa imeondoka vituoni. Nchi ya mwisho duniani ilikuwa Algeria, mwaka 2021. Kwa gari lako, tenki chache zinatosha kuua masega na sensa ya oksijeni. Kwa watoto wako, usiirudishe nyumbani.

#17 – Nyakio wa Thika

Nimefuatilia kutoka Kenya, asante sana. Nina Demio ya Skyactiv 1.3. Fundi alisoma kwenye mtandao kwamba kompresheni ni 14, akaniambia nisipoweka ile petroli ghali ya jina maalumu injini itapasuka. Na dada yangu ana Golf ya TSI, kwenye kifuniko imeandikwa premium kwa Kijapani. Sisi tuweke nini?

#18 – Pistoni Nne

Dada Nyakio, fundi wako kasoma sawa, kahitimisha vibaya. Demio hiyo ya 2011 ina 14 kwa 1 kweli, na Mazda waliiuza Japani kwa regular. Waliweza kwa kurudisha sehemu ya moshi uliopozwa kwenye silinda na kwa kuzichezea valvu. Kwa hiyo kompresheni peke yake haikuambii oktani. Kifuniko ndicho kinachosema. Weka Super ya kawaida.

Ile petroli ya jina maalumu, muulize mhudumu swali moja: RON yake ngapi, na ya kawaida ngapi? Wakikuonyesha namba mbili tofauti kwenye karatasi, ni oktani unanunua. Wasipokuwa na namba, unanunua dawa ya kusafisha. Si kitu kibaya, ila ujue unacholipia.

Golf ya dada yako ni habari nyingine. Magari ya Ulaya yamechorwa kwa RON 95 kwenda juu. Japani hakuna 95 kituoni, kuna 90 na karibu 100, ndiyo maana wakaibandika premium. Akipata 95 ya kweli, TSI nyingi zinatosheka. Chache zimeandikwa 98, asome kifuniko. Na kwa hizi injini ndogo za tabo zenye nozeli ndani ya silinda, kuna ugonjwa wa mchanganyiko kuwaka kabla hata plagi haijatoa cheche, kwenye mzunguko mdogo na mzigo mkubwa. Oktani peke yake haiuzuii. Oili ina sehemu yake kubwa: atafute iliyoandikwa API SP, iliyoanza 2020, au angalau SN Plus ya 2018, na iwe ile iliyoruhusiwa na mtengenezaji kwenye kitabu. Asikubali oili ya kwenye dumu lisilo na maandishi.

#19 – Kijana wa GX

Mkuu, bro kafungua boneti. 3S-GE, gia za mkono, RS200. Na anaijaza kwenye kile kituo cha bei ya chini njia ya kwenda shamba.

#20 – Pistoni Nne

Ahame kituo leo. Ajaze penye foleni na magari mengi, mafuta yasiyokaa ardhini muda mrefu. Apime sensa ya kugonga, asafishe rejeta, na asilikanyage chini ya mzunguko wa 2,500 akiwa gia ya tano au ya sita. Akifanya hivyo bila kusikia kokoto mlimani, anaendelea na petroli tuliyonayo. Akisikia, anirudie na picha ya plagi zote nne, nitamwambia silinda ipi imeanza kuumia.

#21 – Kijana wa GX

Nimemtumia. Plagi anafungua Jumamosi, naleta picha hapa hapa.